Lipu ya Tatu

Mkate wa tamizi haufungwi ndani ya mfuko wa nailoni ukiwa moto. Naanza hapo, wanangu, kwa sababu nyote mnaokuja kuniuliza habari za Saudia mnataka kujua mishahara, ikama, yaani kibali cha kuishi kule, na tabia za makafili, waajiri wanaotushika, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza habari za mkate. Kosa langu kubwa kule lilianza kwenye mkate. Nikimaliza swala ya alfajiri na kubaki juu ya mswala, hadi leo linakuja kukaa mbele yangu.

Namshukuru Mungu kwa afya na kwa macho yaliyobaki. Udereva nimeuacha, na nafasi ya kuandika ninayo.

Nilikwenda miaka ile maajenti walipojaa Mombasa, kila jengo lina ofisi na kila ofisi ina picha ya ndege ukutani. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa vijana. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na tisa na mvi kidevuni. Ajenti alinitazama akaniuliza kama nilichonacho ni leseni au ni wajukuu. Nikamjibu kuwa vyote viwili ninavyo.

Kazi yangu ya asili ilikuwa chokaa, niliyoirithi kwa marehemu baba yangu hapa Lamu. Tulichoma matumbawe tanurini, tukaizima chokaa kwa maji, tukapiga lipu kuta za nyumba za mawe. Lakini sementi ilikuwa imeshaingia kila kichochoro. Mtu akishanunua mifuko yake mitatu hamtaki tena fundi anayemwambia asubiri miezi sita chokaa iive shimoni. Gari nilijifunza kwa kubeba mchanga wa watu waliokuwa wakijenga kwa sementi hiyohiyo. Basi nikaandikwa dereva, na kwenye ikama yangu ikawa hivyo, dereva wa nyumbani.

Mwaka wa kwanza na nusu nilikuwa Riyadh. Madam wa nyumba alipenda kwenda Dirah, soko la zamani, kutafuta udi na vitambaa. Yeye akiingia dukani, mimi nasubiri nje saa mbili, saa tatu. Kusubiri ndiyo nusu ya udereva wa nyumbani, na hakuna anayekufundisha. Wengine walilala garini, wengine walicheza na simu. Mimi niliangalia kuta. Nyuma ya maduka kulikuwa na nyumba za udongo zilizobaki, kuta nene kama urefu wa mkono, vitundu vya pembetatu juu vya kupitisha hewa. Niliweka kiganja ukutani saa saba ya mchana nikakuta ubaridi. Mwenye kuujenga ukuta ule aliijua kazi yake.

Hapo ndipo aliponikuta Wafula. Alikuwa dereva kutoka Bungoma, mzee wa kanisa kwao, mwenye miaka minane Saudia na sauti ya mtu aliyezoea kuongoza nyimbo.

"Mzee wa Lamu," akaniambia, "hizo kuta unaziangalia kama mtu anataka kuposa."

Tukawa marafiki. Aliniambia nifunike usukani kwa taulo nisije nikababua viganja, niweke nakala ya ikama kwenye soksi, na nisijibu hoja ya bosi kabla ya bosi kumaliza kunywa kahawa. Siku moja tulikula jarishi pamoja, ngano iliyopondwa na kupikwa kwa maziwa ya mgando. Akaonja, akatulia, akasema huu ni uji uliosahau sukari njiani. Nilicheka hadi muuzaji akatutazama. Muuzaji huyo pia alikuwa akinicheka mimi kila siku, maana Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha Kurani na vitabu. Kuomba maji kwangu, alisema, ni kama kusikiliza hotuba ya Ijumaa.

Lakini somo alilolikazia Wafula kuliko yote lilikuwa hili: "Huku wewe ni kile ikama imesema. Ikisema dereva, wewe ni dereva. Hata ukiona nyumba ya bosi inaungua, wewe washa gari tu. Wakitaka maji, watasema." Nililichukua kama amana. Katika kozi ya ajenti pia tulikuwa tumeambiwa hivyo: neno la mfanyakazi ni hadhir, yaani niko tayari.

Bosi wa Riyadh alipopunguza watu, akanihamishia kwa mjomba wake Jeddah, mtaa wa Aziziya. Huyo ndiye Baba Saleh. Sote wafanyakazi tulimwita Baba. Alikuwa amepita miaka sabini, mjane, moyo wake mgonjwa, akiishi kwenye jumba la mwanawe Majid lenye viyoyozi kila chumba. Majid hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye simu mbili, na alimpenda baba yake kwa kumnunulia vitu.

Kila Ijumaa baada ya alfajiri Baba aligonga mlango wa chumba changu kwa fimbo. "Yalla, ya Othman." Jina langu ni Athumani, lakini kwake lilirudi kwao. Tunashuka hadi Balad, mji mkongwe, magari yakiwa bado hayajaamka. Kazi yangu ilikuwa kununua ful kwa muuzaji aliyechota maharage kwa upawa mrefu kutoka mtungi wa shaba, akatia samli na bizari, kisha nivuke njia kuchukua tamizi, mkate mpana unaotoka tanurini umevimba na kuungua kidogo.

Siku ya kwanza nikaufunga mkate ndani ya nailoni, nikafunga na fundo, nikijiona dereva hodari. Alipoufungua, maji yalidondoka. Mkate ulikuwa umelegea kama kitambaa cha kupigia deki.

Hakunikaripia. Aliuinua kwa vidole viwili, akautazama, akasema, "Mkate lazima upumue. Ukiuziba, jasho lake mwenyewe linaumaliza." Akanionyesha: utandaze juu ya karatasi, uweke mbele ya kioo cha gari, dirisha wazi kidogo. Kuanzia siku hiyo sikukosea tena mkate.

Tulikula kwenye kibaraza cha mawe mlangoni mwa nyumba aliyozaliwa. Mara ya kwanza nilichukua fungu langu nikaenda kukaa garini. Akatuma fimbo yake igonge boneti. "Aliyenunua chakula halafu akala peke yake, chakula kinamsema," alisema, akanisogezea sahani. Sahani moja, wanangu, kila Ijumaa, kwa miaka miwili. Alinifundisha kula masubu, mkate uliopondwa na ndizi na asali, na Ijumaa za sikukuu tulipita kwa mtu wa mutabaki, chapati za kujazwa nyama, aliyekunjua unga hadi ukaona mkono wake upande wa pili.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa nne, ya mawe ya matumbawe kama za kwetu, isipokuwa wao hulaza mbao ndani ya ukuta kila baada ya kimo fulani, ili ukuta ukinyoosha viungo usipasuke. Mbele zilitokeza roshani, madirisha makubwa ya mbao zilizochongwa, kama makabati yaliyoning'inizwa juu ya njia. Mtu hukaa ndani yake, upepo unampata, na wa chini hamwoni. Katika roshani ya ghorofa ya tatu mama yake Baba alikuwa akikaa kila magharibi ya Ramadhani na sinia la tende na jagi la subia, kinywaji chao cha shayiri, akisubiri mzinga wa kufuturu ulie, watoto wamemzunguka hawathubutu kugusa.

Baba alilitaka jambo moja tu kabla ya kufa, na kila mtu nyumbani alilijua: kufuturu mara moja pale alipofuturu mama yake. Aliniambia akitazama juu, mkate mkononi. "Sitaki kurithi, sitaki kuuza. Nataka jua moja tu lizame nikiwa pale."

Lakini ngazi zilikuwa zimekatika, na ukuta wa nyuma ulikuwa umejaa maji ya miaka na chumvi imeuotea kama ukungu. Majid alikataa kwa muda mrefu. Daktari alipomwita pembeni na kumweleza hali ya moyo wa mzee, akakubali. Ilikuwa imebaki miezi minane Ramadhani ifike.

Akaleta mkandarasi. Mkandarasi akaleta sementi.

Nilijua siku ile ile. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Asubuhi hunywa, mchana hutoa, hivyo ndivyo unavyoishi miaka mia mbili. Ukiuvika sementi, maji yanaingia kwa juu na hayana pa kutokea. Mawe yanalainika, mbao zinaoza ndani, na kwa nje unaona ukuta mzuri, mweupe, mpya. Baba yangu alinionyesha hilo nikiwa na umri wa miaka kumi na minne, na nilikimbia nchi yangu kwa sababu nilichoka kulisema bila kusikilizwa.

Siku hiyo gari dogo la mizigo halikuwa na dereva. Majid akaniambia nilete mzigo kutoka dukani. Nikasema hadhir. Mifuko ile ya sementi niliileta mimi, na mingine niliibeba kwa bega langu hadi ukumbini.

Jioni ya Ijumaa nilikwenda Bani Malik, mtaa mwingine wa Jeddah, ambako Wafula alikuwa amehamia kutoka Riyadh, akilinda duka na kupanga chumba pamoja na Wakenya wengine. Walikuwa wakisonga ugali. Nikamweleza. Alinisikiliza mwiko mkononi.

"Wewe ni nani kwa ikama?" akaniuliza.

"Dereva."

"Mkandarasi ni nani?"

"Mkandarasi."

"Basi kula, mzee. Ukimwaibisha mtoto wa bosi mbele ya mkandarasi wake, kesho uko uwanja wa ndege, na hiyo nyumba bado watapaka sementi."

Simlaumu Wafula. Alizungumza kama mtu anayempenda mwenzake, na huenda alisema kweli kuhusu uwanja wa ndege. Mimi ndiye niliyesoma. Mimi ndiye niliyekaa miaka kumi na moja mbele ya sheikh na kujua kwamba dini ni kunasihiana. Nikajiambia hii ni subira. Neno zuri sana, wanangu, na unaweza kulivisha kitu chochote.

Kazi ilikwisha haraka. Ijumaa iliyofuata Majid alikuja mwenyewe na mkandarasi kumwonyesha baba yake. Ukuta wa nyuma uling'aa. Ngazi zilikuwa na reli mpya. Baba alizunguka polepole akigusagusa, kisha akanigeukia mimi mbele yao wote.

"Ya Othman. Kwenu mna nyumba kama hizi. Unaionaje?"

Aliniuliza, wanangu. Hakuna aliyenilazimisha kuingilia. Mwenye nyumba mwenyewe alinifungulia mlango akanisubiri nipite. Majid alikuwa akitazama simu, mkandarasi akinitazama mimi.

"Mashallah, Baba," nikasema. "Imekuwa mpya."

Akatabasamu kama mtoto aliyevishwa nguo ya Idi.

Mvua ya Jeddah ni chache, lakini ikija haiombi ruhusa. Ilikuja majira ya baridi, siku mbili, na njia zikawa mito. Wiki kadhaa baadaye niliona ukuta umetoa tumbo, kidogo tu, kiasi cha kiganja. Hapo bado ningeweza kusema. Nilitafuta siku ya kusema, na kila siku niliyoipata ilikuwa na sababu ya kusubiri nyingine.

Ulianguka Alhamisi mchana, hapakuwa na mtu ndani, alhamdulillah. Ukuta wa nyuma wote, ukavuta sakafu ya ghorofa ya tatu, na sakafu ikaondoka na roshani. Hakuna aliyemwambia Baba. Ijumaa akagonga mlango wangu kwa fimbo, na mimi, kwa kutojua nifanye nini, nikawasha gari. Nikanunua ful. Nikanunua tamizi nikaitandaza juu ya karatasi.

Polisi walikuwa wamezungushia kamba. Baba alisimama nje ya kamba. Nikainama nikaokota bonge lililofika miguuni petu. Upande mmoja sementi, ngumu kama gamba. Upande wa ndani jiwe lilikuwa bado limelowa, na nililiponyanyua liliachana vidoleni mwangu kama ule mkate wa siku ya kwanza. Maneno yakanitoka kwa Kiarabu, nikijiambia mwenyewe.

"Haukupumua."

Alisikia. Aligeuka taratibu.

"Umejuaje?"

"Baba yangu alikuwa fundi wa chokaa. Na mimi pia."

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu walipoleta mifuko, Baba."

Paka wa Balad walikuwa wameshaifikia ile ful niliyoiweka chini.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilikufundisha mkate. Wewe ulikuwa na ukuta, ukaninyima."

Akarudi garini. Hakunifukuza. Wala hakumweleza Majid, kwa sababu kama angemweleza, nisingemaliza juma. Aliendelea kuniita kwa jina, aliendelea kunisalimia asubuhi, alinitumia zawadi yangu ya Idi kama kawaida. Lakini Ijumaa hazikuwepo tena. Nilimpeleka hospitali na kumrudisha. Yalla, yaani twende, tukitoka, halas, yaani basi, tukifika, na katikati yake barabara tu. Ningependelea anitukane.

Ramadhani ile daktari alimkataza kufunga. Magharibi ya kwanza nilimwona kupitia mlango wa sebule, amekaa mbele ya kiyoyozi, tende mkononi, akitazama dirisha la kioo lisilofunguka. Wote walikuwa wakila na kuzungumza. Yeye aliishika ile tende hadi nilipoondoka.

Iko sura fupi ambayo watoto wa chuoni huihifadhi mwanzo mwanzo. Ndani yake kuusiana haki kumetajwa, kisha kuusiana subira. Haki imetangulia. Nimeisoma maisha yangu yote, nimewafundisha wengine kuisoma kwa tajwidi, na niliishi kwa kuigeuza, nikaitanguliza subira, na haki ilipochelewa nikasema ni mapenzi ya Mungu. Namwomba msamaha kila siku na sikati tamaa na rehema yake. Lakini msamaha haurudishi ukuta.

Mwaka uliofuata Baba alilazwa hospitalini. Siku moja baada ya swala ya alasiri Majid alinipigia simu, sauti imekauka. Mzee anataka ful ya Balad, alisema, na anataka niilete mimi. Sijawahi kuendesha gari kwa uangalifu kama siku ile. Chupa ya ful niliibana kati ya viti, tamizi nikaitandaza juu ya karatasi, dirisha wazi kidogo.

Alikuwa amepungua sana. Aliugusa mkate kwanza, akaubonyeza kwa kidole kuona kama ni mkavu, akatikisa kichwa kuridhika. Akala matonge mawili. Kisha akafumba macho, nikadhani amelala.

"Ukuta wa nyuma," akasema. "Ungeanzia wapi?"

Majid alinitazama, hakuelewa. Nikavuta kiti.

Nikamweleza. Nikamwambia kwanza ningeuacha ukuta wazi, uvuliwe ule uozo wote, upate hewa. Wakati unakauka ningechoma matumbawe kwa kuni za kutosha siku nzima na zaidi, ningeyamwagia maji yakachemka na kuvunjika yenyewe, ningeifukia chokaa shimoni na kuifunika mchanga wenye unyevu.

"Muda gani shimoni?"

"Miezi sita, Baba."

Midomo yake ilisogea. "Tulikuwa nayo minane."

"Ndiyo, Baba."

"Endelea."

Nikaendelea. Mbao zilizooza ndani ya ukuta, moja moja, usitoe mbili kwa siku moja. Kisha lipu ya kwanza, nene, chokaa na mchanga mkali, unaitupa kwa mkono ukutani hadi ilie, na kwenye mashimo unakandamiza vipande vidogo vya matumbawe. Unaiacha wiki tatu. Alikuwa akisikiliza kama anayesomewa barua kutoka nyumbani. Kisha lipu ya pili, laini zaidi, mchanga uliochungwa, unaisawazisha kwa ubao mrefu kuanzia chini kwenda juu, na mikeka unaitundika mbele yake jua lisiiguse. Pumzi zake zilikuwa zinakawia. Nilishika mkono wake nikaendelea kuzungumza, nikamweleza jinsi ya kuijua lipu ya pili ikiwa tayari, unaigonga kwa kifundo cha kidole na unasikiliza. Hapo Majid aliniwekea mkono begani.

Tulimswalia baada ya isha, tukamzika. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, Mungu amrehemu. Baada ya miezi mitatu nikaomba kurudi nyumbani.

Sasa mnaniona nikipita vichochoroni nikigonga milango ya watu wanaokoroga sementi mbele ya kuta za babu zao. Mnanicheka, najua, na mmenipa jina. Wengine wenu mnakwenda kesho kutwa, ikama zenu zitasema dereva, mlinzi, mtumishi, na mtafanya hadhir nyingi. Fanyeni, kazi ni heshima. Lakini sikumwambia Baba Saleh lipu ya tatu, na sipendi kufa nayo.

Lipu ya tatu ndiyo niru. Ni nyembamba kama ganda la yai, chokaa tupu iliyochujwa kwa kitambaa, haina mchanga hata chembe. Unaipaka ukuta ukiwa na unyevu, asubuhi, kabla jua halijapanda. Unaisugua kwa jiwe laini la pwani, kwa mzunguko mdogo mdogo, hadi uone kivuli cha mkono wako. Siku saba unainyunyizia maji, asubuhi na jioni, na humruhusu mtu akuharakishe. Na mwenye nyumba akija akasimama hapo, akakuuliza unaionaje, mwambie.